Uhamisho wa Kipa na Kaya Yake

Jumapili, 1 Desemba 1974

Tumefungwa mawili na Mandewa. La kwanza alijifunga beki wangu, la pili ni langu mwenyewe. Mwalimu Simeoni, anayetufundisha mpira, amenipa daftari hili akasema kipa asiyeandika makosa yake huyarudia kila Jumapili. Haya, naandika: nilitoka golini, nikarudi, nikatoka tena. Mpira ulinikuta njiani. Mwalimu anasema ugonjwa wangu ni mmoja tu, kwamba siwezi kutulia mahali. Ni kweli. Hata sasa ninaandika nimesimama, daftari nimeliweka juu ya ukuta wa zizi.

Jina langu Gaspari, mtoto wa Alute, umri miaka ishirini. Kijiji chetu kinaitwa Juhudi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Ikungi, na kina miezi mitatu tu tangu kianze. Nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi sitaki kuzeekea kwenye mstari. Nataka kudakia timu kubwa, mbali, ambako uwanja una nyasi. Nimeshaliandika, sasa siwezi kulikana.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua hakuna.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua hakuna. Kutwa tumeshinda shamba la kijiji. Katibu wetu, Filipo, anapuliza filimbi kuanza kazi na filimbi kumaliza, na kila akipuliza mwili wangu unataka kuruka kana kwamba refa ametoa kona. Simpendi huyu mtu. Anatembea na daftari la kaya kwapani kama mke wa pili.

Jumapili, 8 Desemba

Leo hakuna mechi, nikaenda kuwatazama wachimba kisima. Mkubwa wao ni Mzungu kutoka Australia, jina lake refu, sisi tunamwita Bwana Koli. Wakati mtambo unapoa alitoa kwenye gari mpira wa ajabu, wenye umbo la yai. Ukidunda, hujui unakwenda wapi. Nilicheka, kisha nikajaribu kuudaka, ukanipiga pua.

Kwao huo ndio mpira wa miguu, ila wanashika kwa mikono, na ruhusa ipo kabisa kupanda mgongoni kwa mwenzako ili uudake juu. Nilimwuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Akanionyesha kwa kumtumia msaidizi wake, ambaye hakufurahi. "Ruka. Goti mbele. Macho kwa mpira, hapana kwa mtu," ndicho Kiswahili chake. Tumerushiana mpaka jua likashuka. Nimechubuka magoti yote mawili na nina furaha.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua hakuna. Yai la Bwana Koli tena. Sasa nalidaka mara sita kwa kumi.

Jumapili, 15 Desemba

Aibu. Tulicheza Singida mjini na vijana wa Utemini. Dakika ya sabini, sare, ikapigwa kona. Niliuona mpira unakuja, nikaruka, goti mbele, macho kwa mpira. Mshambuliaji wao alikuwa mbele yangu, nikampanda mgongoni kama ngazi na nikaudaka juu kuliko vichwa vyote. Nikasikia kelele nikadhani ni za kunisifu. Kumbe refa amesimama anaonyesha penalti, na yule mshambuliaji amelala chini anashika kiuno. Tumefungwa moja.

Tulipofika nyumbani Mwalimu Simeoni alisema neno moja tu, kwamba ule mruko wangu niubakize, ngazi niiache.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Ugali wa unga wa msaada, ule wa njano watu wanaouita Yanga. Mama yangu, Felista, aliupika vizuri kadiri ulivyokubali. Baba aliutazama akasema kwa Kinyaturu kwamba huo ni unga wa kuku. Mdogo wangu Dorika akacheka, akakatazwa kucheka, akacheka tena.

Baba hajazoea hapa na sidhani atazoea. Mwezi wa tisa walipokuja na lori alikaa mbele ya tembe letu akisubiri waje wazungumze naye kama watu. Hawakuzungumza. Mgambo walipanda juu ya paa, wakang'oa boriti moja moja, na aliyesimama chini akiandika kila boriti ni huyu huyu Filipo. Baba aliona nyumba aliyoijenga baba yake ikiwa kuta tupu na jua linaingia ndani. Tangu siku hiyo anasema kosa lake lilikuwa kukaa na kusubiri. Kila wiki anakwenda "kutafuta ng'ombe", siku nzima, na ng'ombe wenyewe wako zizini. Nadhani anakwenda kulitazama hame letu, makazi tuliyohamishwa, upande wa pili wa majabali, mwendo wa saa tatu. Ni marufuku, lakini nani atamwambia.

Mimi namhurumia, kisha namkasirikia, kwa sababu kila akianza habari za kule ananitazama kana kwamba nitamsaidia kurudisha paa. Mimi nataka kwenda mbele.

Jumapili, 5 Januari 1975

Mvua! Imenyesha tangu asubuhi. Mechi imeahirishwa na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu, 6 Januari

Kupanda. Filimbi.

Alhamisi, 9 Januari

Kisima kimefika maji, na maji ni ya chumvi. Ng'ombe wa baba alionja akarudi nyuma, akatikisa kichwa. Bwana Koli amekaa kwenye bomba ameshika shavu.

Nilikwenda kumpa pole, akanisimulia habari yake. Alipokuwa na umri wangu timu kubwa ya mji ilimchukua kutoka shambani kwao, akawa analipwa kwa kucheza. Alidumu mwaka mmoja. Goti likaharibika, na siku moja wakabandika orodha mlangoni, jina lake halimo. Aliachwa. Akaendesha gari kurudi kwao, akaiona nyumba, mama yake yuko uani anaanua nguo, akapita bila kusimama. Nikamwuliza kwa nini. Akanirushia yai, nikalidaka kwa mkono mmoja.

Jumapili, 12 Januari

Tumewafunga Mandewa moja bila, kwenye uwanja wetu wa Ikungi. Nimedaka kona saba, zote juu, bila kumpanda mtu. Baada ya mechi alikuja mtu mwenye kofia, anaitwa Masudi, kocha wa timu ya kiwanda kimoja huko Morogoro, alikuwa anapita kwenda Singida kwa shemeji yake. Aliniambia ninyooshe mikono akaipima kwa macho. Akauliza kama ningeweza kuhamia kwao kabla ya usajili. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Mwalimu Simeoni amesema nitulie, kuna barua za kuandikwa. Niwezeje kutulia.

Jumamosi, 18 Januari

Hakuna barua. Bwana Koli ameondoka na mtambo wake.

Jumamosi, 25 Januari

Hakuna barua. Nimemfokea Dorika bure.

Jumatatu, 3 Februari

Hakuna barua. Nimekwenda Ikungi na kurudi mara mbili leo, miguu inaniuma, roho haijashiba.

Alhamisi, 6 Februari

Barua imefika, na bora isingefika hivi.

Haikuja kwangu. Ilikwenda ofisi ya kijiji, kwa kuwa timu yetu ni ya kijiji. Mchana Mama Marietha, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja nyumbani mbio, kanga imemteleza begani, akamwambia baba kwamba Katibu amepokea barua yenye mhuri na kaya ya Alute imehamishwa. Mimi nilikuwa shambani. Nilipofika, mama alikuwa ameshakunja mikeka na Dorika ameshika kuku wawili, hajui awapeleke wapi.

Nilikimbia ofisini, Filipo hayupo, ila barua ilikuwa mezani na karani akaniruhusu kuisoma. Nimeinakili:

"Uhamisho wa Ndugu Gaspari Alute kutoka Ikungi, Mkoa wa Singida, kwenda Morogoro umekubaliwa. Mnaombwa mumwondoe katika orodha yenu mara moja."

Basi. Neno mpira limo kwenye mhuri tu, na mhuri umefutika nusu. Orodha wanayosema wao ni ya wachezaji. Lakini Filipo ana orodha moja tu duniani, daftari la kaya, na katika kijiji hiki ukitaja uhamisho hakuna anayefikiria mpira. Tunafikiria lori.

Nilirudi nikamweleza baba. Nilimweleza kwa Kinyaturu, kisha kwa Kiswahili, kisha tena kwa Kinyaturu. Kwamba anayehamishwa ni mimi peke yangu, kwa ajili ya kudaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama barua ina mhuri. Nikasema ina mhuri. Akauliza kama imesema tuondolewe. Nikasema imesema niondolewe mimi. Akasema mtu haondolewi peke yake kwenye daftari la kaya, hajawahi kuona.

Ijumaa, 7 Februari

Baba ametulia mno. Sipendi.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi zizi tupu. Baba, mama, Dorika, ng'ombe kumi na mmoja, kuku, mikeka, hawapo. Wameniachia kibuyu cha maziwa na kaptura yangu ya mpira, imefuliwa. Baba safari hii hakusubiri lori.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda hameni. Nilipita majabali nikiwa na hasira, nimepanga maneno yote. Natakiwa Morogoro tarehe kumi na tano, na mgambo wakimkuta baba huku watamrudisha kwa aibu, na mimi nitashikiliwa kama shahidi au kama mkosaji, na usajili utanipita. Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyabeba.

Nilipotokeza nikasimama. Kuta za tembe zilikuwa na boriti mpya upande mmoja, na baba yuko juu anapanga matawi. Kuzunguka nyumba, kwenye udongo ule mweusi wa samadi ya miaka yote, uwele umefika kiunoni. Si wa kuota wenyewe. Umepandwa kwa mistari na umepaliliwa. Kumbe kila alipokwenda kutafuta ng'ombe alikuwa analima. Kule Juhudi wa kwetu haujafika gotini, na una rangi kama ule unga wa msaada.

Mama alikuwa kisimani kwetu, kile kifupi chenye maji matamu. Alikuwa anaimba. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimemsikia.

Nilimsalimia baba shikamoo kutoka chini, akaitikia kutoka juu bila kuacha kazi. Nikamwambia kwamba amekosea barua.

"Barua imesema tuondoke, tumeondoka," alisema. "Sasa wewe unataka nikosee mara ngapi?"

Nilipanda juu nikamsaidia mpaka alasiri. Nilikuwa namsaidia huku namlaani kimoyomoyo, na mikono inafanya kazi vizuri tu.

Jumanne, 11 Februari

Naandika polepole ili nisikosee neno.

Nimekwenda kwa Filipo. Nilikuwa nimeamua kumweleza ukweli: kwamba barua ni ya mpira, kwamba niandikiwe ruhusa mimi peke yangu, na wazee warudishwe kwa ustaarabu bila mgambo. Sikuona njia nyingine ya kuondoka. Nilimkuta ofisini, redio yake ndogo inaongea. Akaizima, akaniambia nikae. Nikabaki nimesimama.

Nikasema yote. Aliniacha niseme, kisha akafungua daftari la kaya na kuligeuza nione. Majina manne, Alute, Felista, Gaspari, Dorika, yamepigwa mstari mmoja kwa rula. Pembeni ameandika kwa mwandiko mzuri: Kaya imehamia Morogoro.

"Wapi hapa pameandikwa mpira?" aliniuliza.

Nikamwambia amekosea, na kwamba mtu yeyote anayefuata mpira anajua maana ya uhamisho.

"Jumamosi redio ilitangaza uhamisho wa wachezaji wanane," alisema. "Niliwasikiliza wote. Nawajua na timu walizotoka."

Hapo nikakaa.

Aliangalia mlango, hakuna mtu. Akasema wakubwa wa wilaya watakuja mwezi wa tatu kuhesabu, na watahesabu kwa daftari hili. Kaya iliyo ndani ya daftari na haipo kijijini hutafutwa. Kaya iliyohamia mkoa mwingine kwa barua yenye mhuri haitafutwi na mtu. Aliyasema haya kama anasoma tangazo. Hakutaja boriti, wala mimi sikuzitaja, lakini nilijua tunaziangalia wote wawili.

"Ila sikiliza, Gaspari. Mchezaji akihamishwa halafu akaachwa, hurudi alikotoka. Wewe ukirudi hapa nitakuandika wapi? Nikikuandika wewe, nitawaandika na hao. Wataulizwa walikuwa wapi, na mimi nitaulizwa." Akafunga daftari. "Kwa hiyo usiachwe."

Nimemchukia mtu huyu miezi mitano. Sasa sijui nimfanye nini. Nilimshika mkono kwa mikono miwili kama mtu mzima wangu, nikatoka.

Alhamisi, 13 Februari

Basi la Dodoma. Mwalimu Simeoni amenisindikiza mpaka Ikungi, anafurahi, anadhani nalia kwa sababu ya furaha.

Jumatatu, 17 Februari

Morogoro. Uwanja una nyasi. Kwenye karatasi za kiwanda mimi ni msaidizi wa fundi mitambo. Mtambo wenyewe sijauona. Sote ni hivyo: karatasini wafanyakazi, na kazi yetu ni mpira.

Karani aliniuliza familia iko wapi. Nikasema tumehamia wote. Akaandika.

Jumamosi, 22 Februari

Makipa tuko watatu. Watakaosajiliwa ni wawili.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi mara mbili. Yule kipa wa kwanza hana mpinzani. Wa pili ni mimi au Paskali, kijana wa Dodoma, mpole, ananigawia sabuni. Najaribu kumchukia nashindwa.

Jumamosi, 15 Machi

Silali wala sikai kitini. Nilipokuwa kwetu nikifungwa nilikuwa nimefungwa tu. Hapa kila mpira unaonipita naona mgambo juu ya paa. Leo imenipita mitatu.

Jumatano, 19 Machi

Mawili. Kocha Masudi ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 2 Aprili

Mechi ya majaribio, mimi upande mmoja, Paskali mwingine. Dakika ya tano nikatoka golini bila sababu, kama zamani, mpira ukanipita juu. Moja. Nikasikia kocha anamwambia msaidizi wake jambo, na msaidizi akaandika.

Basi nikarudi kwenye mstari nikasimama. Nilijiambia nisiondoke hapo mpaka mpira uniite. Miguu ilitaka kukimbia, nikaikatalia. Kipindi cha pili zikaja kona nne mfululizo, mvua inanyesha, mpira unateleza na kudunda ovyo. Kwa mpira wa ovyo mwalimu wangu ni lile yai la Bwana Koli. Nilidaka zote. Ya mwisho beki wangu alinigonga mbavuni, nikaanguka nao kifuani, sikuuachia hata baada ya filimbi. Walikuja kuninyang'anya kwa nguvu huku wanacheka.

Jumamosi, 5 Aprili

Orodha imebandikwa. Jina langu limo. Paskali ameachwa.

Alikusanya vitu vyake taratibu, akanipa sabuni iliyobaki. Nikamwuliza kama atapata gari la kwao leo. Akasema lipo la saa nane, atafika mama yake akiwa bado shambani. Alikuwa na huzuni, lakini alikuwa anakwenda kwao, na mimi nilimwonea wivu mpaka nikaona aibu.

Alhamisi, 24 Aprili

Barua kutoka kwa Dorika, imepitia kwa Mwalimu Simeoni, ambaye siku hizi anajua. Wakubwa wa wilaya walikuja Juhudi wakahesabu, wakaondoka. Mmoja aliona moshi nyuma ya majabali, Mama Marietha akasema ni wachoma mkaa. Uwele unainamisha vichwa. Baba, ambaye maisha yake yote ameuita mpira kazi ya wasio na ng'ombe, sasa kila Jumatatu anamtuma Dorika, kwa njia ya porini asionekane, kwa Mwalimu kuuliza nimefungwa mangapi. Akiambiwa hakuna, anasema vizuri, anaendelea kupanga boriti.

Jumapili, 4 Mei

Kipa wa kwanza ameumia kidole. Nimedaka mechi yangu ya kwanza ya kweli. Sare, bila kufungana.

Jumapili, 18 Mei

Tumeshinda moja bila, na wiki inayokuja hakuna mechi. Baada ya kuoga Kocha Masudi alikuja na habari njema usoni. Ametoa likizo ya siku nne kwa wenye wazee mashambani. Akanigeukia mimi wa kwanza.

"Gaspari, kwenu Singida sasa hivi ni mavuno. Panda basi la kesho ukawasaidie."

Nililiona lile basi. Linasimama Ikungi mchana kweupe, na kila mtu wa Juhudi aliyeko sokoni atanisalimia kwa jina na kuniuliza wazee hawajambo huko Morogoro. Niliuona na uwele, na mama na ungo, na baba amekaa ndani ya nyumba yenye paa. Nilitaka kwenda.

Nikamwambia asante, kocha, ila sisi kwetu ni hapa. Tulihamia kaya nzima.

Alishangaa. Akasema amefika chumbani kwangu mara tatu, ameona kitanda kimoja na viatu vya mtu mmoja, na uwanjani hajaona hata siku moja mzee aliyekuja kunitazama. Akauliza kwa upole wako wapi basi.

"Wanavuna," nikamwambia.